Mzee Harbans Aliporudi Darasani

Mwanangu, mtu akishakula chumvi nyingi kama mimi, siku zake huanza kufanana kama maharagwe ndani ya debe. Lakini iko Jumamosi moja ambayo haijawahi kufanana na nyingine. Nakumbuka baridi ya asubuhi yake, nakumbuka chai ya tangawizi iliyokuwa ikichemka nje ya ukumbi kwenye sufuria kubwa, na nakumbuka mzee mmoja mwenye kilemba cha buluu akinitazama mdomo kila nilipomsemesha.

Nimeikumbuka tena juzi, Chebet, ulipokuja hapa kwangu umenuna. Uliketi kwenye hicho kiti cha mbao ukaniambia mimi bibi yako, "Shosho, wamenipatia kazi ya mafunzo kwa kikosi cha uokoaji, lakini wale wakubwa hawataki kurudi darasani. Wanataka niwawekee tu alama ya kupita. Nikikataa wanasema nimewakosea heshima." Nilikuambia unywe chai kwanza, nitakujibu nikishafikiria. Ukaondoka ukidhani nimekupuuza. Sikukupuuza. Mzee akiulizwa jambo zito, hulitafuna kwanza, na meno yenyewe siku hizi si mengi.

Sasa nimefikiria. Sogeza kiti.

Wakati huo nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nikifundisha darasa la kwanza hapa Nakuru, na watu wote waliniita Mwalimu Nyambura. Simu za mkononi hazikuwa zimetufikia. Gari likipinduka kwenye barabara kuu, habari ililetwa na dereva aliyepita, na majeruhi walirushwa nyuma ya pikapu kama magunia ya viazi. Wengi walifika hospitali wakiwa wameumizwa zaidi na msaada kuliko na ajali yenyewe.

Jambo hilo ndilo lililomkera Mzee Harbans. Alikuwa Singasinga aliyezaliwa papa hapa mjini, mwenye duka la spea za magari. Kiswahili chake kilikuwa kama chetu, cha kusukumana, na akitaka kutuchekesha aliingiza na Kikuyu. Alikusanya makanika, wauguzi, walimu, madereva, na vijana wa mashamba ya maua kule Naivasha, akatufanya kikosi cha kujitolea. Hakuna aliyelipwa. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na kile kikosi kiliundwa na yule mzee kwa mikono yake, kuanzia machela za kwanza zilizoshonwa kwa turubai la lori hadi redio za mawasiliano alizozitafuta Nairobi.

Tulikuwa watu wa aina mbili. Walikuwepo waliokwenda mbele, kwenye moto na kwenye maji, na walikuwepo maafisa wa meza. Meza ilikuwa meza kweli, ya kukunja, ambayo tuliifungua popote palipotokea janga. Mmoja alikaa na redio, akipokea habari na kuwatuma watu. Mwingine alishughulika na vifaa. Mwingine alikaa na jamaa za walioumia au waliopotea, akawaambia ukweli na kuwashika mkono. Mimi nilikuwa afisa wa mafunzo, kazi hiyohiyo waliyokupa wewe, na penye janga nilimsaidia mtu wa redio.

Watu wa nje hudhani kazi ya meza ni ya kupumzika. Hapana, mwanangu. Anayebeba machela akiteleza, huanguka na mtu mmoja. Anayekaa mezani akikosea, kikosi kizima huenda pasipotakiwa.

Kwa hiyo Mzee Harbans aliweka sharti. Hakuna atakayeketi kwenye meza ile kabla hajajifunza huduma ya kwanza, hajabeba machela kwenye matope na wenzake, na hajajua kupokea ujumbe kwa redio na kuurudisha ulivyo. Tena si kujifunza mara moja na kumaliza. Kila mwaka, kabla ya mvua ndefu, maafisa wote wa meza walirudi darasani kuonyesha kwamba bado wanaweza. Mwaka ule aliponikabidhi mafunzo, aliniambia neno moja tu: nisifanye haraka kumpitisha mtu yeyote.

Na hapa lazima nikueleze habari za baba yangu, la sivyo hutaelewa uzito wa mambo. Baba alikuwa abiria katika basi lililoanguka kwenye kona moja upande wa Gilgil. Mguu wake ulibanwa chini ya viti. Watu walikuwa wakimvuta kwa nguvu, naye akipiga kelele, mpaka Mzee Harbans akafika, akawaambia wamwache. Alilala kifudifudi kando yake kwenye vioo, akamfunga jeraha, akaongea naye kuhusu ng'ombe na mahindi hadi chuma kilipokatwa. Baba alibaki na mguu wake. Nyumbani kwetu jina la mzee yule lilitajwa kwenye sala ya chakula. Mimi mwenyewe nilijiunga na kikosi kwa ajili hiyo.

Basi, Jumamosi ile ya mazoezi ilifika. Tulikuwa tumeazima ukumbi wa kanisa. Zoezi la redio lilikuwa rahisi: afisa anakaa ndani na redio yake, mimi nasimama nje langoni na nyingine, nasoma ujumbe, naye anauandika na kuurudisha neno kwa neno. Miaka yote iliyotangulia Mzee Harbans ndiye aliyesoma, nasi tukipokea. Mwaka ule msomaji nilikuwa mimi. Wengi walidhani mzee ataketi pembeni na kikombe chake. Lakini sharti lilikuwa lake, na alikuwa wa kwanza kukaa kwenye kiti.

Nilisoma ujumbe wa kwanza. Alichorudisha hakikuwa nilichosema. Wenzangu wakacheka kwa upole, wakasema redio imechoka. Tukabadilisha redio. Nikasoma mwingine. Akarudisha kitu kingine kabisa, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Nikaingia ndani, nikasimama mbele yake, nikausema ujumbe kwa mdomo tu, polepole. Akaurudisha vizuri, huku macho yake yamebandikwa kwenye midomo yangu. Nikarudi langoni nikasoma mara nyingine. Akakosea.

Nikaelewa. Mzee wetu alikuwa hasikii vizuri. Labda ilikuwa miaka ya kelele za gereji, labda ilikuwa umri tu. Lakini alikuwa amejifunza kusoma midomo ya watu, na kutabasamu, na kuitikia, na sisi tuliompenda hatukuwa tumegundua. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini ajabu ya mficha masikio ni kwamba kifo chenyewe huenda kwa mwingine.

Aliinuka, akanishukuru, akaenda kunywa chai na vijana kana kwamba hakuna lililotokea. Wale maafisa wakubwa wakanivuta kando. Bwana Ndung'u, aliyekuwa afisa wa vifaa na mtu wa maneno, ndiye aliyesema. Alinieleza kwamba mzee ni mzee, kikosi ni chake, na hakuna mtoto wa jana atakayemfelisha mtu aliyemfundisha. Mwekee alama ya kupita kama wengine, akasema, kwani sisi tutakuwepo kumsaidia. Wengine waliitikia kwa vichwa. Hakuna aliyekuwa mtu mbaya pale, mwanangu. Walikuwa wakimpenda. Upendo nao una siku zake za upofu.

Jumapili baada ya ibada nilimweleza baba. Nilitarajia angenisaidia kubeba mzigo huo. Alikuwa ameketi kwenye kigoda amenyoosha ule mguu.

"Yule mtu alinitoa kwa kaburi," akasema. "Na wewe unataka kumtoa kwa kiti."

Aliniacha nikiwa nimesimama pale na sufuria mkononi, nikijiona mtovu wa shukrani kuliko wote katika wilaya nzima. Usiniulize nilikulaje siku hiyo.

Jumatatu baada ya masomo nilikwenda dukani kwake. Njiani nilikuwa nimejitungia mpango, na nilijiona nimekuwa na busara sana. Nilimkuta akimhudumia dereva wa lori. Mtu mwingine nyuma yangu akamwita mara mbili akitaka bei ya fani belti, naye hakugeuka. Aliponiona, akamwachia msaidizi wake duka, akanipeleka nyuma, tukaketi juu ya masanduku kati ya vyuma na harufu ya grisi.

Nilimwangalia usoni ili anione mdomo, nikamwambia, "Mzee, kwenye redio hukupita."

"Najua," akasema.

Ningekomea hapo, ningekuwa nimefanya kazi yangu. Lakini nilikuwa na ule mpango. Nikamwambia kwamba nimefikiria njia: nitamwandika kwamba amepita, abaki kwenye kiti chake, na kila tutakapofungua meza nitaketi kando yake nimsikilizie. Watu hawatajua. Heshima yake itabaki.

Hakukasirika kwa sauti. Alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Kisha akaniambia maneno ambayo nimeishi nayo.

"Mwalimu, hiyo unanipa ni zawadi. Mimi napenda zawadi kama mtu yeyote. Lakini hii nani atalipa? Si mimi, na si wewe. Atalipa mtu ambaye yuko ndani ya maji, anangojea boti. Umekuja kuniambia ukweli, halafu katikati ya njia umeogopa. Ukirudi kwa mtu mwingine na kazi kama hii, fika mpaka mwisho."

Nikasema, "Ndiyo, Mzee."

"Sasa nenda. Leo siwezi kukupa chai."

Hilo la chai ndilo lililoniuma. Katika duka lile hata mtoza ushuru alipewa chai. Nilitoka nikiwa najua kwamba mtu anaweza kukubali jambo kwa akili na bado moyo wake ukavuja damu. Wengine hudhani mwenye busara haumii. Huumia, tena sana. Tofauti ni kwamba hamtumi mwingine amlipie maumivu yake.

Nikafanya kama sharti lilivyosema. Kiti cha redio kikawa wazi, na kwa kuwa nilikuwa nimefundishwa kazi yake, nikapangiwa mimi hadi mwingine apatikane. Hebu fikiria ilivyoonekana! Msichana amemwondoa mzee, kisha ameketi mahali pake. Mzee Harbans hakuja mikutanoni majuma mengi. Baadhi ya wenzangu waliacha kunisalimu. Bwana Ndung'u alinisalimu, lakini kwa namna ya kumsalimu askari wa kanjo, yule wa baraza la mji anayefukuza wachuuzi. Kiprono peke yake ndiye aliyekuwa akikaa nami. Huyu alikuwa fundi kule Olkaria kwenye mvuke wa kutengeneza umeme, na siku zake za mapumziko alikuwa mtu wetu wa maji, hodari, mpole, asiyependa maneno. Aliniambia tu kwamba yeye huwa huko mbele kwenye baridi, na angependa anayemsikia awe anamsikia kweli.

Kisha mvua zikaja.

Mwaka ule hazikuja kwa ustaarabu. Ziwa Naivasha lilianza kupanda polepole, likala nyasi, likala mashamba ya mboga ya kando, likaingia kwenye njia za watu. Wenye nyumba karibu na maji walianza kwa kuinua vitanda juu ya mawe. Halafu siku moja asubuhi, baada ya mvua ya usiku kucha huko juu milimani, maji yakaja yote pamoja. Tuliitwa. Tukafungua meza katika darasa la shule moja iliyoinuka kidogo, si mbali na mji wa Naivasha, na kabla ya saa ya chai watu walikuwa wamejaa uwanjani na magodoro yao, kuku wao, na watoto wamefungwa migongoni.

Boti zetu zilikuwa chache. Zote zilikuwa zimeshatoka isipokuwa moja, ile yenye injini nzuri, iliyokuwa ukingoni chini ya shule ikingojea neno la meza. Upande wa kaskazini wa ziwa, Kasarani, tulikuwa tumepata habari za maji tangu alfajiri. Upande wa kusini, kule Kamere kwa wavuvi na wafanyakazi wa maua, hatukuwa na habari kamili. Kiprono alikuwa akizunguka na gari na redio ya mkononi, akitafuta walipokwama watu, na kwa muda mrefu hatukujua amefika wapi.

Ndipo pikapu ya Mzee Harbans ikaingia uwanjani. Ilikuwa imejaa mablanketi na maturubai. Alishuka, kilemba kimelowa, akaanza kushusha vitu mwenyewe. Watu wa kikosi walipomwona, walifurahi kama watoto walioona mama akirudi sokoni. Bwana Ndung'u akaja mbio mpaka kwenye meza, akanigusa bega niinuke, akavuta kile kiti nje.

"Mzee, karibu kiti chako," akasema. "Leo si siku ya masharti."

Mimi nilikuwa nimesimama na redio mkononi, na sitakuficha, sehemu yangu moja ilitaka akae. Mzigo ule ulikuwa mzito. Angeketi, hakuna mtu angenilaumu.

Mzee Harbans alikitazama kiti. Kisha akawatazama wote, na akasema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, "Mimi sikupita. Mwalimu amepita. Mwacheni akae." Akageuka, akauliza, "Familia ziko wapi?"

Akaenda kuketi na wale mama waliokuwa wakilia pembeni. Nami nikaketi.

Haikuchukua muda redio ikakoroma. Mvua ilikuwa ikipiga mabati ya darasa, na sauti ya Kiprono ilikuja vipandevipande. Niliongeza sauti ya redio hadi mwisho, nikaiinamia. Nilisikia kwamba watu ni wengi, wazee na watoto, maji yamefika kiunoni, wako kanisani, boti ije upesi. Kisha kelele tupu. Nahodha wa ile boti moja iliyobaki alikuwa mlangoni, koti la maji limefungwa hadi shingoni, akinitazama. Kila mtu alinitazama. Bwana Ndung'u akasema, "Mtume basi!"

Lakini katika mafunzo tulikuwa tumefundishwa, na mimi mwenyewe nilikuwa nimewafundisha wengine, kwamba ujumbe ambao haujarudishwa si ujumbe. Nikabonyeza redio. Nikasema, "Nimesikia watu wako kanisani, maji kiunoni. Kanisa la wapi?" Hakujibu. Nikarudia. Nikarudia tena. Ilikuwa kama kungojea mtoto mchanga alie. Mwishowe sauti ikaja, mbali lakini wazi: "Kamere. Kanisa la Kamere, chini karibu na maji."

Nikairudisha hivyo hivyo, naye akaitikia. Nikamwambia nahodha, "Kamere." Akaondoka.

Waliokuwa kanisani walikuwa wamekimbilia humo kwa sababu lilikuwa jengo la mawe, wakaamini halitatikisika. Maji yaliwazunguka, na viboko walikuwa wakipita nje kwenye kilichokuwa barabara, ndiyo maana hakuna aliyethubutu kutoka kwa miguu. Nahodha alituambia baadaye kwamba aliwakuta wamesimama juu ya viti, watoto wamewekwa juu ya madhabahu. Aliwatoa kwa awamu, Kiprono akisimama mlangoni ndani ya maji na kuwapokeza mmoja mmoja. Bibi mmoja alivunjika mkono wakati wa kuingia botini. Wengine wote walifika wazima. Jioni hiyo ukuta wa nyuma wa kanisa lile ulianguka.

Mambo yalipotulia kidogo, nilikwenda kukaa kwenye ngazi ya darasa na kikombe cha chai nilichopewa na mtu nisiyemkumbuka. Mzee Harbans akaja akaketi kando yangu. Alikuwa amechoka, na blanketi la mtoto wa watu lilikuwa bado begani kwake. Nilidhani amekuja kunipongeza.

Alisema, "Kiprono alipoita, nilikuwa nimesimama nyuma yako. Nilikuja kutafuta maji ya mama mmoja."

Nikamgeukia ili anione mdomo. "Hukuniambia ulikuwa hapo, Mzee."

"Mimi nilisikia Kasarani."

Sikuelewa mara moja. Akarudia polepole, kama mtu anayejisomea hukumu yake. "Yeye amesema kanisani, mimi nimesikia Kasarani. Wazi kabisa. Nikasema moyoni, basi, boti iende, tayari tunajua kuko na maji huko. Wewe ukaanza kuuliza wapi, wapi. Mimi nikakasirika. Nikasema huyu msichana anapoteza wakati, watu watakufa."

Kasarani na Kamere, mwanangu, ni pande mbili za ziwa. Boti ingekwenda kaskazini, ingetafuta, isingekuta mtu, ingerudi. Na ule ukuta ulikuwa hauna subira.

Nikaona machozi yakimshuka hadi kwenye ndevu, naye hakuyafuta. Nilitaka kumwambia kwamba si kosa lake, kwamba hakuketi, kwamba alikikataa kiti mwenyewe. Lakini nilikuwa nimejifunza kutotia sukari. Nikampa kikombe changu cha chai. Akakipokea, akanywa, akanirudishia.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Baada ya mvua zile mzee alikwenda kwa daktari wa masikio, akapewa kile kifaa cha kuvaa, akawa anatutania kwamba sasa anasikia hata tunavyomsengenya. Mwaka uliofuata alirudi darasani pamoja nasi. Alipita huduma ya kwanza, akabeba machela na vijana wakimcheka anavyohema, na kwenye redio akasema mwenyewe kwamba hataki, hiyo awaachie wenye masikio ya kuzaliwa nayo. Akaomba kiti cha familia. Mwanangu, sijawahi kuona mtu aliyekijaza kile kiti kama yeye. Kwa kuwa alikuwa amezoea kutazama midomo ya watu, hakuna aliyemsemesha akahisi hakutazamwa. Wake kwa waume waliofiwa walimwendea yeye kwanza. Alikikalia mpaka nguvu zilipomwisha, na siku tuliyomsindikiza safari yake ya mwisho, uwanja ulijaa watu wa kila dini ya mji huu.

Na baba yangu? Habari za Kamere zilimfikia. Alikwenda dukani kwa mzee akakaa huko mchana mzima. Sijui walisema nini. Hakuniomba msamaha, wazee wa wakati ule hawakuwa na desturi hiyo kwa mabinti zao. Lakini jioni aliporudi aliniita "Mwalimu". Alikuwa ameniita Nyambura tangu nizaliwe. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kidogo, halafu nikarudi kusonga ugali.

Basi hili ndilo jibu langu kwako, Chebet, wewe na wenzako mnaopewa viti mkiwa bado vijana.

Hao wakubwa wako wasikutishe, wala usiwadharau. Wana yao ya kuogopa. Mtu aliyetumikia watu miaka mingi huogopa kugundulika kwamba kitu fulani ndani yake kimepungua, na ndiyo maana hupiga kelele kuhusu heshima. Kumrudisha mtu darasani hakumvui heshima. Unamwondolea hatari ya kumwua mtu bila kujua. Elimu haina mwisho, na mwili nao una mwisho wake. Sharti la kila mwaka limewekwa kwa kuwa mambo hayo mawili hukutana.

Ukiona mtu hakupita, mwambie. Mwambie yeye kabla hujamwambia mwingine, mwambie uso kwa uso, na usimwekee asali juu ya ukweli mpaka asiuone. Akikunyima chai siku hiyo, vumilia. Heri kunyimwa chai kuliko kulaumiwa na mtoto wa mtu aliyezama. Kisha usimwache mlangoni. Tafuta kiti anachokiweza, kwa maana katika kazi ya kuokoa watu hakuna aliyebaki na pumzi asiye na mahali. Na kabla ya kumwita mkubwa yeyote, keti wewe kwanza kwenye kile kiti cha mtihani, wakuone ukijaribiwa, wakuone ukikosea na kurudia. Hapo ndipo watakuja, wengine kwa hiari, wengine kwa aibu, lakini watakuja.

Wakikushinda, niite. Miguu haifai tena, lakini kuketi ukumbini na kikombe bado naweza.

Sasa nenda, mwanangu, mvua inakusanyika upande wa Menengai. Mungu akupe masikio ya kusikia wanaoita kwa mbali, akupe ulimi wa kuufikisha ukweli hadi mwisho wa safari, na akuzungushie watu watakaokubali kuambiwa. Kila utakayemtuma majini arudi nchi kavu. Na siku yako ya kuinuka kwenye kiti ikifika, uinuke kwa amani, na ukutane na kijana wa kukupokea aliyefunzwa vizuri kukushinda.